Ngoja Ngoja ya Prosesa Mpya

Leo sitaandika juu ya seva wala lugha za programu. Leo nataka kugombana na watu, na wa kwanza nitakayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Ukishajulikana hapa Kitengela kwamba wewe ni mtu wa kompyuta, kuna swali litakalokufuata mpaka kwa kinyozi. Litakufuata kwenye foleni ya matatu, kanisani, hata kwenye matanga. "Ninunue laptopu sasa, ama ningoje prosesa mpya?" Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: ngoja kidogo. Ni jibu tamu sana. Linamfanya anayelitoa aonekane mjuzi wa mambo yajayo, na halimgharimu hata shilingi. Anayelipa ni yule anayengoja.

Sasa nasema bila kumung'unya maneno. Kama unakula kwa jasho la laptopu yako, na laptopu hiyo inakuchelewesha, basi anayekuambia ungoje prosesa mpya anakupoteza. Najua hivyo kwa sababu nilimpoteza mtu wangu mwenyewe.

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Kajiado mjini. Ni kijana aliyejifunza kuandika programu za simu kwa juhudi zake, usiku, kwa bando za bei nafuu. Mashine yake ilikuwa ya prosesa ya kizazi cha 5, memori ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Oktoba 2024 shangazi aliuza ndume wawili, akamkabidhi kijana shilingi 70,000 za kununua laptopu. Akanipigia simu. "Kaka, ninunue gani?"

Mimi mjuzi nikamwambia, usinunue sasa. Januari kuna maonyesho ya CES kule Las Vegas, prosesa mpya zitatangazwa. Januari 2025 ikafika, zikatangazwa. Nikamwambia, ngoja zifike Nairobi. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nimesoma habari za Panther Lake, zile za Intel zilizokuwa zitengenezwe kwa teknolojia ya 18A, nikamwambia, umengoja sana, malizia tu mwaka.

Yakatokea mawili. La kwanza, alipata nafasi ya kazi ya mkataba. Wenye kazi walimpa siku 3 za majaribio: tengeneza programu ndogo ya Android, utuletee. Kila alipofungua emuleta, mashine iliganda. Kila alipokompaili, alienda kuchemsha chai na kurudi akaikuta bado inahema. Siku ya tatu hakuwa amemaliza, kazi ikapewa mwingine.

La pili ni zile 70,000. Pesa haijui kungoja. Muhula wa kwanza ulipofunguliwa, mdogo wake alihitaji karo. Kisha shangazi akalazwa. Kufikia Desemba 2025 zilikuwa zimebaki 35,000. Hakuna aliyeiba wala aliyeponda raha. Pesa inayokaa bila kazi katika nyumba ya Mwafrika hupewa kazi na matatizo ya nyumba hiyo.

Hili wataalamu wa majarida ya ng'ambo hawaliandiki. Wao wakisema ungoje miezi 6, wanadhani pesa yako imelala benki inakusubiri. Ya kwetu haijui kulala.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana nyinyi wenzangu wa programu hamsikii mpaka mwone namba. Tuseme mashine yako ya zamani inachukua dakika 6 kukompaili kazi yako, na ile unayoweza kuinunua leo inachukua dakika 2. Ukikompaili mara 15 kwa siku, mashine ya zamani inakula saa nzima ya ziada kila siku. Siku 22 za kazi ni saa 22 kwa mwezi. Ngoja miezi 8, umetupa saa 176.

Sasa tuichukue hiyo prosesa unayoingojea. Tuseme ni nzuri kweli, na kazi ya sekunde 120 itaifanya kwa sekunde 100. Utaokoa sekunde 20 mara 15, yaani dakika 5 kwa siku. Kwa mwezi ni saa 1 na dakika 50. Ili uzirudishe zile saa 176 ulizozitupa ukingoja, utahitaji miezi 96. Miaka 8! Kabla haijatimia utakuwa umeshaanza kungoja nyingine.

Najua mtakachoniambia. Mtasema, lakini kuna miruko. Ni kweli, ipo. Mwaka 2017 Intel ilipotoa kizazi cha 8 cha laptopu nyembamba, tulitoka kwenye kori 2 tukaenda kwenye kori 4 kwa mpigo mmoja. Mwaka 2020 Apple ilitoa M1, laptopu zikaanza kukaa siku nzima bila chaja na bila kelele za feni. Aliyenunua mwezi mmoja kabla ya miruko hiyo alijing'ata vidole.

Lakini hebu niambieni, nani aliijua tarehe ya mruko? Intel hiyo hiyo ilikuwa imepanga kutoa prosesa za nanomita 10 mwaka 2016. Katikati ya 2015 ikasema hapana, ni nusu ya pili ya 2017. Zilipoingia sokoni kwa wingi, katika zile za Ice Lake, ilikuwa 2019. Aliyeanza kuzingojea 2015 alikaa miaka 4 juu ya mashine moja. Na katikati ya kungoja huko, mruko wa kori 4 ukaja kwa teknolojia ya zamani iliyoboreshwa, kwa njia ambayo yeye hakuwa anaitazama.

Tena kuna jambo letu la hapa nyumbani. Saa ya Las Vegas si saa ya Kitengela. Prosesa ikitangazwa Januari, laptopu zake hufika madukani Nairobi baada ya muda, tena kwa bei ya mgeni: juu kuna gharama ya kusafirisha, tozo za hapa na pale, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji. Ni wangapi kati yetu hununua hizo? Tuseme ukweli. Wengi wetu tunanunua ex-UK pale Moi Avenue na Luthuli: ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizotumika katika ofisi za Ulaya miaka mitatu, minne, mitano, kisha zikaletwa kwetu. Kwa mnunuzi wa aina hiyo, prosesa iliyozinduliwa Januari 2026 itafika mfukoni mwake 2029 au 2030. Kumwambia angoje ni sawa na kumwambia mwenye njaa angoje mbuzi wa jirani azae, mtoto akue, naye azae.

Wazee wa Kajiado hawahitaji mhadhara juu ya hili. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mpaka mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Kila msimu kulikuwa na mtu aliyesema, usiuze ng'ombe sasa, bei ni mbaya, ngoja mvua inyeshe wanenepe. Waliosikiliza ushauri huo mpaka mwisho wengi waliuza ngozi. Chombo cha kazi ni kama ng'ombe: kila siku kinakupa kitu, au kila siku kinakula kitu chako.

Halafu kuna wanaodhani kwamba kinachokuja lazima kiwe bora kwetu. Si lazima. Prosesa za Lunar Lake za Intel zilipotoka 2024, memori iliwekwa ndani ya kifurushi kimoja na prosesa: ni GB 16 au GB 32, na ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Hakuna fundi wa Moi Avenue atakayekuongezea. Linganisha na ThinkPad T480 ya 2018: ina nafasi mbili za memori, betri moja ndani na nyingine nje, na ile ya nje unaibadilisha mashine ikiwa inawaka. Kwa mtu ambaye stima humkimbia katikati ya kazi, hiyo si historia ya kale. Hiyo ni mkate.

Na waliongoja 2025 wakitumaini neema ya 2026 walikutana na nini? Viwanda vya memori viligeuza macho kwenye vituo vya data vya akili unde, na mwishoni mwa 2025 bei ya memori ikapanda vibaya. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, zile memori na SSD tulizozoea kununua dukani. Prosesa mpya zikaja, ndiyo, lakini na bei nyingine kabisa ya vitu vinavyokaa pembeni yake.

Sitaki kuwa kama wale ninaowapinga, kwa hiyo niseme pia wakati ambapo kungoja ni halali.

Kwanza, kama mashine yako haikucheleweshi, huna haja ya kununua wala kungoja. Fanya kazi. Kutamani si hitaji.

Pili, kama hujaifungua ile uliyo nayo. Vumbi la Kitengela mnalijua wenyewe. Feni ikiziba, prosesa hupata joto, na ikipata joto inapunguza mwendo ili isiungue. Nimeona watu wakililia kizazi kipya wakati feni yao imevaa blanketi. Safisha, badilisha ile dawa ya kupitisha joto, ongeza memori, toa diski ya kuzunguka utie SSD. Ukimaliza ndipo upime. Hata prosesa mpya ukiileta katika vumbi hili bila kuitunza itakuwa mzee baada ya mwaka.

Tatu, kama itabidi ukope. Usinunue laptopu kwa mikopo ya simu. Riba zake zina kasi kuliko prosesa yoyote.

Nne, shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Laptopu ya dola 500 ilitoka 80,000 hadi 65,000 kabla ya kodi. Aliyengoja miezi hiyo mitatu alifaidi. Lakini tazama vizuri: alifaidi kwa sababu ya sarafu, wala si prosesa, na Januari ile wengi tulikuwa tunahofia dola itapanda zaidi. Bahati si mpango.

Nje ya hayo, nunua unachoweza leo kwa pesa uliyo nayo leo. Ila fungua macho. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache za kizazi cha 7. Mashine za kizazi cha 6 na 7 zinazotupwa na ofisi za ng'ambo zitauzwa kwako kwa bei ya kuvutia. Kama unatumia Linux, sawa, zichukue. Kama hutumii, pita njia yako. Angalia afya ya betri, angalia kama memori inaweza kuongezwa, jaribu kila kitufe cha kibodi ukiwa bado dukani, na udai risiti.

Wenye subira watanitupia methali. Subira huvuta heri. Haraka haraka haina baraka. Nami nawajibu kwa nyingine ya wazee hao hao: ngoja ngoja huumiza matumbo. Subira ni ya mtu anayelima huku akingojea mvua. Aliyekaa kitako akitazama mawingu ya Las Vegas hana subira, ana uvivu uliopakwa rangi ya utaalamu. Nami ndiye niliyekuwa nikiuza rangi hiyo.

Desemba iliyopita tulienda mjini na binamu yangu. Tulinunua T480 ya kizazi cha 8, memori ya GB 16, SSD ya GB 256, kwa shilingi 31,000. Nauli na chapati tulilipa kwa zilizobaki. Ni chini ya nusu ya pesa aliyokuwa nayo siku aliyoniuliza, na mashine kama ile ilikuwepo sokoni siku hiyo hiyo ya kwanza. Programu iliyomshinda kwa siku 3 aliimaliza kwa siku moja na nusu, kwa kujithibitishia tu, kwa sababu mwenye kazi alishaajiri mtu zamani.

Kwenye matatu ya kurudi nilimwomba radhi. Alicheka, akasema, "Sawa kaka. Lakini usianze kuniambia kuhusu za mwaka ujao."

Sijamwambia. Na wewe ukiniuliza kwa kinyozi, jibu langu sasa unalijua.