Daftari la askari wa Keya libaki nyumbani, nakala yake iende makumbusho

Shajara ya askari inayojulikana zaidi katika Bonde la Ufa iliandikwa na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) aliyemuua Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi huyo wa Wanandi alipoitwa kwa mazungumzo ya amani. Ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1957. Wasomi wametilia shaka mengi aliyoyaandika, lakini kila anayeitafiti siku ile hujikuta akianzia kwake, kwa kuwa yeye alishika kalamu na karatasi zake zikatunzwa. Ndiyo maana nasema familia za Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil zenye daftari, barua au kitabu cha malipo cha babu aliyekuwa Keya zitoe nakala kwa makumbusho, na mahali panapofaa ni hapa hapa Nakuru, kwenye Makumbusho ya Hyrax Hill.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini, wengi wakafika Abyssinia na Burma. Barua zao zilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi, waliochagua vifungu vya kuwaripotia wakubwa, na watafiti wa leo wanazitegemea sana ripoti hizo. Kwa hiyo tunamsikia askari kupitia kwa mtu aliyetumwa kumchunguza. Ukurasa mmoja wa penseli, wenye tarehe, jina la kambi na mgawo wa sigara, unaweza kumsahihisha mkaguzi huyo. Tena ukurasa huo haupo salama sandukuni chini ya kitanda. Nyumba zilichomwa Molo mwaka 1992, zikachomwa Nakuru na Naivasha Januari 2008, na waliokimbia walibeba watoto kwanza, kama ilivyopasa.

Watakaosema askari wetu hawakujua kuandika wamesahau kwamba jeshi lenyewe liliwafundisha wengi. Wamemsahau pia Gakaara wa Wanjau, aliyewahi kuwa askari katika vita hivyo. Baadaye aliandika shajara akiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, ikatoka kwa Kikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata.

Pingamizi lenye uzito ni la wasioziamini taasisi, nao wana haki. Rungu za Koitalel zilikaa Uingereza karibu karne nzima hadi ziliporudishwa mwaka 2006. Basi makumbusho yawafuate wazee nyumbani, yapige picha kurasa mbele yao, daftari lisilale nje hata usiku mmoja, na mkataba uandikwe kwa lugha wanayoielewa. Wapo pia wanaohofia yaliyomo, maana Keya ilitumwa pia kupambana na Mau Mau, na katika kaunti hii wajukuu wa aliyekamata na wa aliyekamatwa huenda wanapakana mashamba. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Kurasa za namna hiyo zifungwe kwa miaka watakayoitaja wazao wenyewe, na majina ya majirani yafichwe. Ila zisichomwe: zikishaungua, shahidi atakayebaki kuhusu babu yao ni yule aliyekuwa akifungua barua zake.