Diski ni ya Mnunuzi, Ufunguo ni wa Nani?

Mtu anunuapo kitabu dukani, biashara baina yake na mwenye duka hukoma pale pale. Akifika nyumbani hukifungua, hukisoma, humwazima jirani, na siku zake zikitimia huwaachia wanawe. Hakuna mchapaji awezaye kurudi baada ya miaka mitatu, akabisha hodi na kusema kwamba miwani ya msomaji imepitwa na wakati, na kwamba asipoibadili kurasa zote zitageuka nyeupe. Lakini hivyo ndivyo yalivyo mambo kwa mtu anunuaye filamu katika diski ya Blu-ray na kutaka kuitazama katika kompyuta yake. Diski ni mali yake. Ufunguo wa kuifungulia ni mali ya mwingine. Na programu ya kuonyeshea, ambayo ndiyo miwani yenyewe, yaweza kufukuzwa kazi na watu asiowajua, bila yeye kuulizwa.

Wapo wanaolidharau jambo hili na kuliita la vijana wapenda sinema. Hao hawajapata kukaa katika ofisi ya ugavi. Mwalimu wa jiografia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi maisha ya baharini, mkutubi anayetunza filamu za kumbukumbu, na afisa anayetia saini hati ya ununuzi, wote hukutana na swali lile lile: ni programu gani inunuliwe? Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na mwuza duka au na tangazo, kwa kutaja rangi za picha na mvumo wa sauti. Swali la msingi, yaani nani mwenye amri juu ya kitu kilichokwisha kulipiwa, haliulizwi. Na fedha inayolipa ikiwa ni ya umma, kutouliza huko ni uzembe.

Kwanza yafaa haki itendeke kwa mafundi. Diski ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, au 8.5 ikiwa na tabaka mbili. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, husomwa kwa mwali wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 405 badala ya 650. Kwa kuwa mwali huo ni mwembamba zaidi, alama katika diski zaweza kusongamanishwa, hata tabaka moja likabeba gigabaiti 25 na mawili 50. Picha yake ni ya nukta 1920 kwa 1080. Mshindani wake, HD DVD ya Toshiba, aliondoka uwanjani mwezi Februari 2008. Hadi hapo kazi ni njema, na asiyeisifu ana kijicho.

Ubaya unaanzia kwenye kufuli. Kufuli hilo huitwa AACS, na walioliasisi ni pamoja na Intel, Microsoft, IBM, Sony, Panasonic, Toshiba, Walt Disney na Warner Bros. Kila programu iliyopewa leseni hukabidhiwa funguo zake. Wasimamizi wakiamua kwamba funguo za programu fulani zimevuja, huzibatilisha, na diski zinazotengenezwa baada ya hapo hazifunguki tena kwa funguo hizo. Zaidi ya hayo, diski mpya huja na orodha ya programu zilizofukuzwa, na draivu ya kompyuta huihifadhi orodha hiyo katika kumbukumbu yake. Kwa hiyo diski iliyotiwa leo yaweza kuifanya draivu ikatae kushirikiana na programu iliyofanya kazi vizuri jana, hata kwa diski za zamani. Mgeni anaingia nyumbani na kumwamuru bawabu asimfungulie mwenyeji!

Hayo si mambo ya kufikirika. Mwaka 2007 funguo za baadhi ya programu za kompyuta zilibatilishwa baada ya kuvuja, na watumiaji wa WinDVD wakaambiwa wachukue toleo jipya, la sivyo wasingeweza kucheza diski hizo. Ni kweli kwamba safari ile toleo jipya lilitolewa bure. Lakini aliyeishi kwa hisani ya mtu anajua kwamba hisani haina mkataba. Siku kampuni itakapoamua kwamba toleo la zamani halihudumiwi tena, mnunuzi hana mahali pa kwenda kushitaki. Atatakiwa kununua upya kile alichokwisha kukinunua, na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kisa cha pili kinatisha zaidi. Mwaka 2016 zilitoka diski za Ultra HD, zenye picha ya nukta 3840 kwa 2160. Mwaka 2017 PowerDVD ikawa programu ya kwanza iliyoruhusiwa kuzicheza katika kompyuta, kwa sharti kwamba prosesa iwe ya Intel, tena yenye chumba cha siri kiitwacho SGX. Walionunua kompyuta za namna hiyo walitii kila sharti. Kisha Intel yenyewe, katika prosesa zake za kizazi cha 11 na cha 12 kwa kompyuta za kawaida, ikakiondoa chumba hicho. Matokeo yake ni kwamba kompyuta mpya, yenye kasi na nguvu kuliko ile ya zamani, haiwezi kwa programu yenye leseni kucheza diski ambayo nduguye mkubwa aliicheza bila taabu. Kosa la mnunuzi ni lipi hapo? Alilipia diski, akalipia programu, akalipia draivu, na baadaye akalipia kompyuta iliyo bora zaidi. Amelipa mara nne, na kioo ni cheusi.

Inastahili pia kutazama mwenendo wa wakubwa wenyewe. Microsoft, mmoja wa waasisi wa kufuli, haikutia katika Windows uwezo wa kucheza filamu za Blu-ray, na katika Windows 8 ya mwaka 2012 ikauondoa hata ule wa DVD katika mfumo wa kawaida. Apple haikupata kuuza kompyuta ya Mac yenye draivu ya Blu-ray, na mwaka 2008 Steve Jobs alilalamika hadharani juu ya ugumu wa leseni zake. Ikiwa majabali yenye mawakili na hazina nono yaliona mzigo huo hauwafai, kwa nini shule yenye kompyuta tatu iambiwe kwamba ni mwepesi?

Wapiga debe wa kufuli wana majibu yao, na ni haki yasikilizwe. La kwanza husema kwamba kufuli hulinda jasho la msanii. Hakuna mwungwana anayepinga kwamba msanii alipwe, na anayedurufu filamu za watu na kuziuza mitaani ni mwizi kama wezi wengine. Lakini je, kufuli limemzuia mwizi? Kufuli la DVD lilivunjwa mwaka 1999. Kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishitakiwa kwa ajili ya programu iliyolivunja, na mahakama ikamwachia huru mara mbili katika mwaka 2003, kwani kuangalia diski aliyoinunua mwenyewe hakukuwa kosa. Kufuli la AACS nalo halikutimiza hata mwaka mmoja sokoni. Mwezi Desemba 2006 mtu aliyejiita muslix64 alionyesha jinsi ya kufungua diski za HD DVD, na Blu-ray ikafuata mapema mwaka 2007. Mwizi huvunja kufuli mara moja tu na shughuli yake imekwisha. Anayebaki akihangaika na funguo mwaka baada ya mwaka ni yule mwaminifu aliyelipa.

Jibu la pili husema kwamba programu iliyofungwa ya kampuni kubwa ni ya kuaminika kuliko ile ya hiari. Wenye hoja hiyo wamesahau mwaka 2005. Mwaka huo santuri za muziki za Sony BMG zilipotiwa katika kompyuta za Windows zilipenyeza ndani yake programu iliyojificha, ili kumchunga mnunuzi asinakili. Mtaalamu Mark Russinovich aliifichua, kelele zikazuka, na kampuni ikalazimika kuzirudisha santuri hizo kutoka madukani. Ukubwa wa jina si ushahidi wa uaminifu. Kompyuta ya ofisi ambayo hutunza mishahara au matokeo ya mitihani haistahili kukaribisha programu isiyokaguliwa na yeyote ila mwenyewe aliyeitengeneza.

Jibu la tatu ni la kisasa zaidi: kwamba diski zimekufa, na watu wamehamia kwenye intaneti. Ni kweli kwamba LG iliacha kutengeneza mashine za Blu-ray mwaka 2024, na Sony ikafunga uzalishaji wa diski tupu za kurekodia mwezi Februari 2025. Lakini hoja hiyo huwageukia wenyewe. Watengenezaji wakiondoka mmoja mmoja, nani ataendelea kutoa funguo mpya na kusahihisha programu za zamani? Kufuli litabaki mlangoni hata baada ya mwenye funguo kuhama mji. Na filamu ya intaneti si mali ya mtazamaji hata kidogo. Ni ya kukodi, na mwenye nayo aweza kuiondoa usiku wa manane. Tena mwalimu aliye mbali na mnara wa simu hawezi kufundisha darasa zima kwa bando linalokatika katikati ya somo, bali diski iliyomo kabatini haikatiki.

Lipo na suala la kanda, ambalo linaigusa Afrika moja kwa moja. Wenye Blu-ray waliigawa dunia katika kanda tatu. Bara la Afrika liliwekwa pamoja na Ulaya katika kanda B, na Marekani katika kanda A. Kwa hiyo diski iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, tena iliyonunuliwa kihalali, yaweza kukataa kufunguka katika programu iliyopangwa kwa kanda B. Katika Blu-ray askari wa mpaka huo ni programu yenyewe ya kuchezea. Diski za Ultra HD hazina mipaka ya namna hiyo, jambo linaloonyesha kwamba mipaka ile haikuwa ya lazima tangu mwanzo.

Je, programu huru ndiyo dawa? Hapa pia ukweli usemwe wote. VLC, iliyozaliwa mwaka 1996 kutokana na kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris na kutolewa kwa leseni huru mwaka 2001, ni programu njema, ya bure, na hucheza takriban kila aina ya faili. Diski ya Blu-ray isiyofungwa huicheza. Lakini haiji na funguo za AACS, na anayemwambia mwalimu kwamba akishaiweka tu kila diski ya dukani itafunguka anamdanganya. Katika nchi nyingi kuvunja kufuli ni kosa hata kama nia ni safi. Huko Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1998, ruhusa ya walimu kutumia vipande vifupi vya filamu kwa ajili ya masomo hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu, na diski za Blu-ray ziliingizwa mwaka 2015. Mwalimu kupiga magoti kila miaka mitatu ili aonyeshe dakika mbili za filamu aliyoinunua ni fedheha isiyopaswa kuigwa na nchi yoyote.

Basi wenye dhamana wafanye nini? Ikiwa kusudi ni kuonyesha filamu za dukani, shule inunue mashine ya kuchezea diski inayojitegemea na kuiunganisha na projekta. Mashine hiyo nayo ina funguo ndani yake, lakini haitegemei Windows, wala prosesa ya aina fulani. Ikiwa kompyuta ni ya lazima, hati isitiwe saini kabla muuzaji hajajibu kwa maandishi: masahihisho yatatolewa hadi lini na kwa bei gani, leseni inahamishika kwenda kompyuta nyingine au la, programu inadai intaneti au haidai, na kanda zipi zinaruhusiwa. Toleo la majaribio lijaribiwe kwanza kwa diski zile zile na kompyuta ile ile itakayotumika. Tarehe ya kwisha kwa huduma iandikwe katika daftari la mali, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Lililo kubwa kuliko yote ni kumbukumbu za ofisi zenyewe. Picha za mikutano, za masomo na za sherehe za shule zisiwekwe kamwe katika muundo unaohitaji ruhusa ya kampuni ili ufunguke. Ziwekwe katika muundo ulio wazi, unaochezwa na programu yoyote, na nakala zake zitunzwe mahali zaidi ya pamoja. Filamu ya Hollywood ikikataa kufunguka, darasa limepoteza saa moja. Kumbukumbu za shule zikikataa kufunguka, watakaozikosa ni watoto ambao bado hawajazaliwa, na aliyetia saini ya ununuzi hatakuwapo kuulizwa.