Meno ya Staa Yameonekana, Fizi Hakuna Aliyeziuliza

Wiki hii mitandaoni stori ni moja tu, meno mapya ya yule staa wa Bongo Fleva aliyepotea miezi kibao akarudi anacheka kila picha. Mashabiki wanabishana bei. Wengine Uturuki, wengine eti kafanyia hapahapa Dar. Sawa, hela yake, mdomo wake. Ila mjadala umekaa upande siyo.

Kwanza watu wanachanganya. Kuna meno ya kuvisha, yaani jino la mtu linachongwa kisha linavalishwa ganda jeupe. Na kuna jino la kupandikiza: pale palipobaki pengo inazamishwa skrubu ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya, inaachwa miezi kadhaa mfupa uishike, ndipo jino linafungwa juu. Staa kasema mwenyewe, yake ni ya skrubu.

Na skrubu hizo zinadumu kweli. Mwaka 1965 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, na yule mzee alikaa nazo zaidi ya miaka 40, mpaka anafariki. Lakini skrubu inakaa kama mfupa umekaa.

Hapo ndipo penye shughuli. Titaniamu haiozi, kwa hiyo mtu anaona kamaliza. Kumbe ule ukoga unaoganda kwenye shingo ya jino unafanya fizi zivimbe na kutoa damu ukipiga mswaki. Hatua hiyo bado inarudishika. Ukipuuza, ugonjwa unashuka mpaka kwenye mfupa, nao unaliwa taratibu, mara nyingi bila maumivu. Mtu anaendelea na nyama choma yake na selfi zake. Siku skrubu inaanza kucheza, mfupa ulishaondoka zamani.

Sasa angalia video ya pili ya huyo staa. Tabasamu kali, shisha mkononi! Moshi ni adui wa fizi na mfupa, sawa na sukari isiyodhibitiwa. Na aliyepoteza meno yake ya asili kwa ugonjwa wa fizi yuko kwenye hatari zaidi, maana tabia ya mdomo ni ileile.

Kuna mwigizaji mmoja wa Bongo Movie aliweka lake miaka mingi nyuma, kimya kimya. Alipoposti yuko kwa daktari wa meno anasafishwa na kupigwa picha ya taya, watu wakamcheka, eti meno ya bandia nayo yanaumwa? Huyo ndiye wa kuigwa, siyo mwenye shisha.

Maana chini ya video kuna kijana kaandika anauza bodaboda yake apate kama hayo. Bei ya kuweka anayo kichwani. Ya kusafishiwa kila mwaka je? Na kama aliyemwekea yuko Istanbul, siku fizi zinavuja damu yupo Mbagala, atamfungulia nani mdomo?