Askari Mchoraji na Mteja Wake wa Kwanza

Kila mara Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda (UPDF) na Jeshi la Polisi wanapowaaga wenzetu waliotimiza muda wao wa utumishi, swali moja hubaki likielea juu ya uwanja wa gwaride: je, kesho watakula nini? Wengi hurudi shambani, wengine hufungua maduka, na wengine hununua pikipiki za boda boda. Leo tunapenda kusema juu ya kikundi kidogo kisichotajwa mara nyingi, nacho ni wale waliojaliwa mkono wa kuchora.

Katika kila kambi yupo mtu wa namna hiyo. Ndiye anayeandika ubao wa kikosi, ndiye anayepamba ukumbi siku ya sherehe, na ndiye anayeombwa kadi ya mwaliko mwenzake anapooa. Siku hizi amejifunza na kompyuta pia, na kazi iliyokuwa ya burashi na kopo la rangi sasa huifanya juu ya kioo. Hapana shaka kwamba ustadi wake ni mali. Lakini tumtazame siku anapostaafu. Ananunua kompyuta kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, anakodi chumba kando ya barabara, anabandika mlangoni tangazo la michoro ya kila aina, kisha anaketi kumngoja mteja. Mwezi wa kwanza unapita. Wa pili unapita, na mwenye nyumba anadai kodi. Katika mwezi wa tatu, jioni giza likianza kuingia, mtu mmoja anafika, anafunga mlango nyuma yake, na kuomba achorewe mhuri wa ofisi ya wilaya. Malipo yake yanatosha kodi ya miezi miwili.

Mgeni huyo wa jioni ndiye sababu ya sisi kuandika leo.

Askari polisi wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu vema Barabara ya Nasser mjini Kampala. Huko ndiko yaliko makao ya wapiga chapa na wasanifu wa michoro, na kalenda, vitabu vya stakabadhi, kadi za harusi na mabango hutoka huko kila siku. Wengi wa wanaofanya kazi pale ni watu waaminifu, wenye bidii na wanaolisha familia zao kwa jasho lao. Hata hivyo jina la barabara hiyo limechafuliwa kwa miaka mingi na wachache wanaoghushi vyeti, vibali na mihuri. Ukiwachunguza wachache hao, utawakuta baadhi yao ni mafundi hodari kabisa. Hawakukosa ustadi, ila walikosa wateja wa halali kwa wakati uliofaa, na njaa ikawachagulia wateja wengine.

Hii ndiyo hoja yetu. Kwa mchoraji anayejitegemea, kutafuta wateja si jambo la faida tu bali ni ngome ya uadilifu wake. Yeye aliyekwisha kujipatia wateja watano wa halali ana nguvu ya kumfungulia mlango mgeni wa jioni na kumwambia aende zake. Yeye asiye na hata mmoja huanza kujiuliza maswali ambayo askari hapaswi kujiuliza.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaiheshimu hekima hiyo, lakini tunathubutu kusema kwamba mafundi wengi wameielewa vibaya. Chema hujiuza baada ya kujulikana, na hakiwezi kujulikana kikifungiwa chumbani. Askari halijui eneo lake kwa kusimama lindoni peke yake. Hulijua kwa kupiga doria. Vivyo hivyo mchoraji hana budi kutembea.

Tena safari hiyo haianzi siku ya kuagwa. Kati ya mwaka 1992 na 1995 askari zaidi ya 30,000 wa taifa letu walipunguzwa jeshini na kusaidiwa kurudi uraiani. Somo la miaka ile bado ni hai: msaada wa siku ya kuaga una mwisho, lakini kazi iliyoandaliwa mapema hudumu. Anayetarajia kustaafu na aanze miaka miwili kabla. Akiwa bado kazini, afuate kanuni za utumishi wake na kupata idhini ya mkuu wake, na wala asifanye kazi za nje katika saa za zamu. Katika kipindi hicho atayarishe vielelezo kumi vya kazi yake vilivyochapwa vizuri: nembo, kadi, bango, jalada la kitabu, kalenda. Kama hana mteja wa kumfanyia, aifanyie kazi timu ya mpira ya kambi, au kanisa, au msikiti, au chama cha akina mama. Kazi moja ya kujitolea ni kielelezo. Kazi kumi za kujitolea ni utumwa. Ajue mpaka wake.

Baada ya hapo achague aina moja ya wateja na kuisoma kama anavyosoma ramani. Tuchukue mfano wa shule. Nchini mwetu mwaka wa shule una mihula mitatu, na kila muhula unahitaji ripoti za wanafunzi, barua kwa wazazi, stakabadhi za karo na vibao vya matangazo. Mwalimu mkuu hana nafasi ya kumsikiliza mgeni siku ya kufungua shule, wazazi wakiwa wamejaa mlangoni. Mchoraji mwenye busara humwendea mwezi mmoja kabla, akiwa na vielelezo mkononi na makisio ya bei mfukoni. Kalenda za mwaka mpya hutafutiwa wateja mwezi wa Septemba, si Desemba. Kwa kifupi, mteja huendewa kabla ya siku ya haja yake.

Mlango wa pili ni mpiga chapa mwenyewe. Kila siku watu humwendea wakitaka kuchapiwa kitu wasichokuwa na mchoro wake, naye huwaelekeza kwa mchoraji anayemwamini. Je, humwamini nani? Humwamini yule ambaye kazi yake haisimamishi mashine. Kioo cha kompyuta huonyesha rangi kwa mwanga, lakini mashine ya chapa hutumia wino wa rangi nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi. Asiyejua tofauti hiyo humwahidi mteja rangi inayong'aa, kisha humkabidhi iliyofifia. Picha ipelekwe ikiwa na nukta 300 kwa kila inchi, na mchoro uongezwe milimita 3 kila upande ili kisu cha kukatia karatasi kisiache ukingo mweupe. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mpiga chapa atamke jina lako mteja anapouliza.

Mlango wa tatu ni mteja wa jana. Kila polisi anajua thamani ya kitabu cha matukio kituoni. Lisiloandikwa humo ni kama halikutokea. Mchoraji naye awe na daftari lake: jina la mteja, kazi aliyoifanya, tarehe, bei, na lini atahitaji tena. Aliyechapiwa stakabadhi mwezi wa Februari atakuwa amezimaliza siku moja. Simu ya dakika mbili kwake ina faida kuliko mabango mia barabarani. Naye akiridhika, atakuja na jirani yake.

Lazima pia tuseme juu ya fedha, kwa kuwa hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Bei iandikwe kabla ya kazi kuanza. Tuseme nembo imekubaliwa kuwa shilingi 200,000. Basi shilingi 100,000 zitolewe kama arbuni, na zilizosalia zilipwe kazi inapokabidhiwa. Iandikwe pia kwamba mteja ana haki ya masahihisho mara mbili, na kwamba ya tatu yatalipiwa. Iandikwe nani atakuwa mwenye haki ya mchoro huo baada ya malipo. Na kabla ya kupiga chapa, mteja asome kila neno na kutia sahihi yake, maana kosa moja la tahajia katika nakala elfu ni hasara ambayo kila upande utamtupia mwenziwe.

Tunapenda kuwaonya wenzetu juu ya mambo mawili. Kwanza, cheo hakimwendi mteja. Aliyezoea kutoa amri asimwamrishe mwenye duka, wala asiingie dukani na sare ili akubaliwe haraka. Mteja aliyepatikana kwa hofu hulipa mara moja tu na hukupitia mbali daima. Pili, kila baada ya miaka mitano uchaguzi mkuu huleta mafuriko ya kazi za mabango. Kifungu cha 208 cha Katiba ya mwaka 1995 chataka Jeshi lisifungamane na chama chochote, kwa hiyo aliye bado katika utumishi asiuguse mchoro wa mgombea yeyote. Aliyestaafu yuko huru kama raia, lakini achukue fedha zake mapema, kwa kuwa mgombea aliyeshindwa ni mdaiwa mgumu kupatikana. Kifungu hicho hicho chataka Jeshi liwe lenye kuzalisha mali. Mchoraji anayejilisha kwa mkono wake analitimiza neno hilo hata baada ya kuvua sare.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni bure, kwa vile siku hizi mashine za akili bandia huchora picha kwa dakika moja na kila mtu anaweza kujitengenezea bango kwa simu yake. Hatukubaliani nao. Mashine huchora, lakini haifiki shuleni kumsikiliza mwalimu mkuu, haisimami mbele ya mpiga chapa kukagua rangi, wala haiwajibiki jina la marehemu likikosewa katika karatasi ya ibada ya mazishi. Mteja hulipia mtu wa kuaminika. Na askari aliyetumikia vizuri ana mtaji wa uaminifu ambao kijana wa mjini hana budi kuujenga kwa miaka mingi.

Mtaji huo ndio anaoutaka mgeni wa jioni. Huja kwa askari mstaafu kwa sababu anajua kwamba mkono wake unafahamu sura ya hati za serikali, na kwamba jina lake halitashukiwa upesi. Dawa yake ni swali moja: mwenye jina hili ni nani, na barua yake ya idhini iko wapi? Ofisi inayotaka mhuri mpya humtuma mtu mwenye barua, tena mchana. Nembo ya Taifa nayo ina sheria yake, na haiwi pambo la kadi ya biashara. Atakayeshindwa kulijibu swali hilo aonyeshwe mlango. Fedha zake zinatosha kodi ya miezi miwili, lakini atarudi mwezi wa tatu, na siku hiyo hataomba tena. Ataamuru, kwa sababu ameshika siri yako.

Kwa makamanda wa kambi na wakuu wa vituo tunatoa wito. Wanapotayarisha orodha za wanaostaafu, wawatafute wenye ufundi huu mapema, wawape nafasi ya kujifunza kazi za chapa, na vyama vyetu vya akiba na mikopo viwasaidie kupata vifaa bila kukimbilia mikopo ya wanyonyaji. Gharama yake ni ndogo kuliko aibu ya kumwona sajini mstaafu akipandishwa kizimbani na koplo aliyemfundisha mwenyewe.

Na kwako, ndugu askari mwenye mkono wa kuchora, twasema hivi: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kesho asubuhi chukua vielelezo vyako, fanya usafi, tembea. Mteja wako wa kwanza awe mtu ambaye waweza kumtaja jina mbele ya watoto wako.