Katuni ya Intaneti na Suala la Matini

Wahakiki wetu wanapoigusa katuni ya intaneti, aghalabu huuliza kama ni fasihi au la. Kwa maoni yangu, swali hilo halitufikishi mbali. Lililo gumu zaidi ni hili: matini ya kazi hiyo ni ipi?

Tuchukue mfano wa ND Stevenson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1991. Alianza kuitoa Nimona katika intaneti mwaka 2012, akiwa bado mwanafunzi wa sanaa mjini Baltimore, akaikamilisha mwaka 2014. Mwaka 2015 HarperCollins ilichapa kitabu, nacho kikafika fainali ya tuzo ya National Book Award katika fasihi ya vijana. Filamu ikafuata mwaka 2023. Ni mafanikio ya kuonewa kijicho.

Lakini na tutazame yaliyoifika kazi yenyewe. Kitabu kilipotoka, sehemu kubwa ya kurasa za awali iliondolewa katika intaneti, na toleo la kitabu likaongezewa tamati ambayo wasomaji wa mwanzo hawakuipata. Hao walikuwa wakingoja ukurasa baada ya ukurasa, huku mkono wa mchoraji ukikomaa mbele ya macho yao. Taharuki yao ilikuwa ya siku kadhaa, si ya kufunua karatasi. Anayesoma kitabu leo hupata kisa kizima, ila sehemu ya fani imempita.

Sisi tuliolelewa katika taaluma ya tenzi tulipaswa kulitambua tatizo hili mapema. Hatuthubutu kuhariri utenzi kwa mswada mmoja ilhali ipo mingine. Twailinganisha ubeti kwa ubeti, hata pale mnakili anapoonekana mzembe. Kwa nini, basi, mwanafunzi wa uzamili anayechunguza katuni za Kiswahili zinazotolewa intanetini aruhusiwe kuridhika na kilichosalia? Kurasa hizo zikifutwa, hakuna sanduku la mzee yeyote wa Lamu la kwenda kupekua.

Idara zetu hazina budi kumtaka mtafiti aweke nakala ya kila ukurasa na tarehe yake, kwa ridhaa ya msanii. Ridhaa hiyo si jambo dogo, kwani anayeishi kwa kuuza kitabu ana haki ya kukifunga alichokitoa bure. Nakala yaweza kukaa maktabani, isomwe humo humo pasipo kusambazwa, hadi mwenyewe aamue vinginevyo.