Mchungaji akienda misheni, nyumbani anabaki nani?

Msomaji mpenzi, ikiwa wewe ni mtu wa kuhudhuria ibada, bila shaka umewahi kusimama nje ya kanisa alfajiri moja ya mwezi wa Agosti ukilipungia mkono basi lililojaa vijana, magodoro na vipaza sauti. Wazee wanaomba, kwaya inaimba, dereva anapiga honi kwa kukosa subira, na basi linaondoka. Nawe unarudi nyumbani kunywa chai, roho safi, ukijua kwamba kanisa lenu limetimiza wajibu wake.

Juma hili ningependa tubaki pale langoni kidogo vumbi likishatua. Mtazame yule mama aliyesimama kando, mtoto mgongoni, wengine wawili wakimvuta leso. Huyo ni mama mchungaji. Mumewe ndiye aliyeketi karibu na dereva akiwa na daftari mkononi, na hatarudi hadi baada ya siku kumi.

Mchungaji ninayemzungumzia si yule unayemwona kwenye runinga akiwa na suti ya rangi ya maziwa na walinzi wawili nyuma yake. Ni huyu wetu wa kawaida, aliyekabidhiwa na kanisa kazi ya kuhubiri nje na kuanzisha makanisa madogo mahali ambapo hakuna. Kila mtu kanisani humsifu, lakini ni wachache wanaojua anavyoishi.

Wengi hudhani kwamba mchungaji hufanya kazi Jumapili pekee, kisha akalala siku sita. Laiti wangelijua! Jumatatu, ambayo yeye mwenyewe aliitenga iwe siku ya kupumzika, huamshwa na simu ya mzee ambaye binti yake ametoroka. Jumanne yuko hospitalini kuwaombea wagonjwa, na huko hukutana na jamaa wa mgonjwa mwingine ambao hawana kanisa, nao pia wanataka maombi. Jumatano kuna ibada ya katikati ya wiki. Alhamisi anawafunza wawili wanaotaka kuoana. Ijumaa ni kesha. Jumamosi ni matanga, na matanga yetu mnayajua: ukiambiwa ibada itaanza saa nne, jiandae kula chakula cha mchana saa kumi. Katikati ya hayo yote anatafuta riziki, kwa kuwa makanisa mengi madogo hayana mshahara wa kumpa. Kuna wanaofuga kuku, wanaofunza shule za kibinafsi, na wanaoendesha bodaboda. Mchungaji wa bodaboda ana faida moja: abiria wake hawezi kuondoka kabla mahubiri hayajaisha.

Sasa juu ya mzigo huo weka safari ya misheni.

Tuchukue mfano wa kanisa lililoko Kitale linalotaka kwenda Turkana Kusini, vijiji vya huko nyuma ya Lokichar. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kilomita zipatazo 300. Unapita Kapenguria, unateremka milima ya Pokot hadi Marich, unavuka kuingia Turkana pale Kainuk, na kufika hapo sweta uliyovaa asubuhi imekuwa adui. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Lodwar iko kama mita 500 tu. Kijana aliyezoea baridi ya Trans Nzoia akishuka huko bila kofia wala chupa ya maji, siku ya pili atakuwa analala chini ya mti akifanyiwa maombi badala ya kuwaombea wengine.

Maandalizi huanza miezi minne au mitano kabla, na hayaanzi na nyimbo. Mchungaji mwenye busara hutangulia mwenyewe, kwa matatu, kwenda kuonana na wenyeji. Huonana na wachungaji walioko huko, kwa maana injili ilifika Turkana kabla yake na si vyema kujifanya Kolumbasi. Huonana na chifu na wazee. Hutafuta mkalimani, na hapo sharti awe mwangalifu, kwa sababu mkalimani ndiye mhubiri halisi. Mahubiri ya nusu saa huwa ya saa nzima yakitafsiriwa, na kichekesho kilichochekesha Kitale kwa dakika tatu huweza kufikishwa kwa Kiturkana kwa sentensi moja, watu wakatazama kimya. Afadhali vijana wajifunze angalau kusalimia "Ejok" kwa unyenyekevu kuliko kupiga kelele za Kiswahili kwenye kipaza sauti.

Tangu mwaka 2023 ziara hii ya kwanza imekuwa na uzito mwingine. Baada ya zaidi ya miili 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, wakuu wa vijiji wameanza kumuuliza mhubiri mgeni maswali ambayo zamani wangeona haya kuyauliza. Unatoka kanisa gani? Limesajiliwa? Unawafunza nini watoto wetu? Wako wachungaji wanaonung'unika kwamba wanashukiwa bure. Mimi naona chifu anayeuliza anafanya kazi yake, na mchungaji safi hapungukiwi na kitu akifungua mkoba na kutoa karatasi.

Kisha kuna usalama. Mpaka wa Turkana na Pokot Magharibi umeona wizi wa mifugo na mauaji kwa miaka mingi, na kaunti hizo mbili zilikuwa miongoni mwa zile zilizotiwa katika operesheni ya polisi na wanajeshi iliyoanza Februari 2023. Kwa hivyo mchungaji huuliza polisi hali ya barabara juma hilo, na hapangi kupita Kainuk usiku, hata vijana wakisema wana imani ya kuhamisha milima.

Halafu orodha. Turubai, mitungi ya maji, vyandarua, jenereta, mafuta yake, sufuria kubwa mbili, unga, maharagwe, majani chai, gurudumu la akiba pamoja na jeki inayofanya kazi (si ile ya mwaka jana). Na hapa hutokea mlima wa mitumba ambao kila mara hurundikwa ofisini mwa mchungaji. Waumini wapenzi, kutoa ni moyo, lakini hebu tuambiane ukweli. Koti zito la sufu litamfaa nani Lokichar? Na vile viatu vyenye visigino virefu, mama wa Kiturkana anayetembea kilomita kadhaa kutafuta maji avivae akielekea wapi? Kuna nguo zinazotolewa kwa upendo na kuna zile zinazotolewa ili kabati ipate nafasi, na anayezipokea hutambua tofauti hata kama hajui kusoma.

Jambo la madawa ni zito zaidi. Siku hizi kila misheni inataka kuwa na kambi ya matibabu. Ni jambo jema, mradi idara ya afya ya kaunti ijulishwe na wauguzi wawe wamesajiliwa. Lakini fikiria mzee aliyepimwa na kuambiwa ana shinikizo la damu, akapewa tembe za siku saba. Siku ya nane basi liko Kitale. Mchungaji anayejali humpeleka mgonjwa huyo katika zahanati iliyo karibu na kumwachia muuguzi wa hapo jina lake kabla ya kuondoka, ingawa kazi hiyo haipigwi picha. Na kuhusu picha, watoto wa wenyewe si mapambo ya ripoti. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie kwanza.

Kwa hayo yote, msomaji, zinahitajika pesa. Na hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kama watu wazima.

Kanisa hutangaza mchango. Kadi hugawanywa, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa, na Jumapili ya harambee watu husimama mmoja mmoja kutoa ahadi. Makofi hupigwa. Fulani shilingi elfu tano, bibi fulani gunia la mahindi, kikundi cha akina baba mafuta ya kwenda na kurudi. Mweka hazina huandika. Lakini ahadi si pesa, na basi haliendi kwa makofi. Ikifika juma la mwisho, nusu ya walioahidi simu zao hazishikwi, naye mwenye basi anataka malipo yake kabla ya kuwasha injini.

Unadhani pengo hilo huzibwa na nani? Waulize wake za wachungaji, watakwambia. Mchungaji hawezi kuahirisha. Ameshawapa wazee wa Turkana neno lake. Basi huchukua zile pesa alizokuwa amezitenga, na pesa zilizotengwa mwezi wa Agosti katika nyumba ya Mkenya zina jina moja: karo. Muhula wa tatu hufunguliwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Vijana wanarudi kutoka misheni na nyimbo mpya, Jumapili wanatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyofungua njia, na Jumatatu mtoto wa mchungaji anarudishwa nyumbani kutoka shule ya upili. Waumini wanaomwona barabarani saa nne asubuhi akiwa na sare humuuliza kwa nini hayuko darasani, na wengine hupeleka habari kwamba mtoto wa mchungaji ameanza utundu.

Na katika zile siku kumi, kumbuka, kazi ya mchungaji haikusimama. Ilimhamia mkewe. Aliyefiwa alibisha mlango wake. Waliogombana usiku walimpigia yeye simu. Mtoto mdogo akipandwa na homa alimbeba mwenyewe hadi hospitalini, na huko akaulizwa kuhusu bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ambayo mtu asiyelipwa mshahara hutakiwa kuilipia mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye duka alimkumbusha deni mbele ya waumini wawili. Mumewe alipopiga simu kutoka mahali ambapo mtandao hupatikana tu ukipanda kilima, alimwambia wote wazima. Angesema nini?

Jambo hili si geni nchini. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwezi wa Mei 1844, hakuja peke yake. Alikuwa na mkewe, Rosina, aliyekuwa mjamzito. Kufikia Julai Rosina alikuwa amekufa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto pia akafa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi hilo liko Nyali hadi leo. Krapf aliendelea na kazi; alikwenda Rabai, akauona Mlima Kenya mwaka 1849, akatunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Shuleni tulisomeshwa safari zake zote. Rosina alipewa sentensi moja.

Sisemi wachungaji wakae nyumbani. Vijiji vile vinawahitaji, na wako watu huko wanaohesabu miezi wakingoja mtu aliyesema atarudi aonekane akirudi. Ninachosema ni kwamba kamati ya misheni inapokaa kupiga hesabu, na iwe na mstari mmoja ulioandikwa "nyumba ya mchungaji". Matumizi ya siku kumi, kiasi cha dharura ya hospitali, na jina la wazee wawili, mume na mke, watakaoitwa usiku badala ya mama mchungaji. Akina mama wa kanisa wanaweza kupokezana kumtembelea, tena si kwenda kuketi sebuleni na kungoja chai. Nendeni na sukari yenu.

Naye mchungaji nina neno naye. Baba, kaa na mkeo kabla ya kukaa na kamati. Mwambie kilichopo na kisichokuwepo. Ikiwa umegusa karo, mwambie kabla hajagundua mwenyewe akitafuta pesa kabatini, na mwende pamoja kwa mwalimu mkuu mwombe muda. Watoto nao waelezwe unakokwenda na siku utakayorudi. Wakikua wakidhani kanisa ndilo lililowanyang'anya baba, hakuna mahubiri yatakayowarudisha.

Ama wewe msomaji uliyesimama siku ya harambee ukapigiwa makofi, kitabu cha mweka hazina kingali wazi. Mara nyingi dizeli hununuliwa Alhamisi, basi liondoke Ijumaa alfajiri. Ukimpelekea Jumatano jioni, bado hujachelewa.