Jangwa, Kutelekeza na Kustahili



Juma hili tunapenda kutafakari juu ya neno moja la Kiingereza ambalo huwasumbua sana wanaosoma masomo katika Misa ya Kiingereza. Neno lenyewe ni desert. Huandikwa kwa namna moja, lakini hutamkwa kwa namna mbili. Mkazo ukiwa katika silabi ya kwanza, ni jangwa. Mkazo ukihamia silabi ya pili, ni kutelekeza, au kutoroka kazi uliyokabidhiwa. Tena, kwa matamshi hayo hayo ya pili, lipo neno la zamani lenye maana nyingine kabisa: yale ambayo mtu anastahili kupata, yawe thabawu au adhabu.

Kiswahili chetu huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo ulimi wetu, ukikutana na neno la silabi mbili, hukimbilia ile ya kwanza. Basi msomaji akifika sura ya 4 ya Waraka wa Pili kwa Timotheo, mahali ambapo Paulo anasikitika kwamba wote walimwacha, jangwa huingia katikati ya sentensi bila kualikwa, na mabenchi ya nyuma huanza kucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Nasi tunalo neno barabara: ukikaza silabi ya tatu, ni njia ya magari; ukikaza ya pili, ni sawasawa kabisa. Mgeni akikosea hapo twamsahihisha kwa upole, na pengine twamkaribisha chai. Kwa nini ndugu yetu aliyesimama mbele ya watu kutusomea Neno la Mungu apewe kicheko?

Lakini tuingie ndani zaidi, kwa maana chimbuko la neno hili lina mafundisho. Jangwa na kutelekeza, katika Kiingereza, ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanatoka katika kitenzi cha Kilatini deserere, yaani kufungua kilichokuwa kimeunganishwa, kuacha, kutupa mkono. Desertum ni mahali palipoachwa. Hakuna habari ya mchanga wala ya jua kali katika mzizi huo. Kinachopafanya mahali kuwa desertum ni kwamba watu hawapo. Ndiyo maana Waingereza mpaka leo hutumia neno hilo hilo kwa kisiwa kisicho na watu, hata kama kina minazi, mito na ndege wa kila aina.

Mtakatifu Yeronimo, aliporekebisha Injili za Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alikuta neno hilo likitumika kufasiri lile la Kigiriki eremos, mahali pa upweke, naye akalitumia. Someni tena sura ya 6 ya Injili ya Marko. Wanafunzi wanamwambia Bwana kwamba mahali pale ni eremos na saa zimekwenda. Watu waende zao wakanunue chakula. Mistari michache baadaye watu wanaketishwa juu ya majani mabichi. Majani mabichi jangwani! Anayewaza Sahara atadhani mwinjili amejisahau. Hakujisahau, kwa kuwa alikuwa akizungumzia mahali pasipo makazi ya watu. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ilipochagua neno nyika mahali ambapo Yohane Mbatizaji anapaza sauti yake, ilikuwa karibu zaidi na asili kuliko tafsiri za baadaye zilizochagua jangwa.

Sasa lile la tatu, la kustahili. Hili si la ukoo huo hata kidogo. Lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini deservire, kutumikia kwa bidii. Aliyetumikia vema alistahili ujira, na ujira huo ndio ukaitwa hivyo. (Jamaa yake ni dessert, kile kitamu cha mwisho wa mlo, kutokana na Kifaransa cha kuondoa vyombo mezani. Hata Waingereza wenyewe huchanganya tahajia, wakaandika kwamba mwizi amepewa kitamu chake.)

Hivyo matamshi yale yale yanabeba neno lililotoka katika kuacha na neno lililotoka katika kutumikia. Kwa masikio ni ajali tu ya lugha. Katika maisha, hata hivyo, wanadamu wamezoea kuyaunganisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa ya kijeshi, wengi wao kwa utoro. Ilionekana wamepata walichostahili. Baadaye ilieleweka kwamba miongoni mwao walikuwamo waliovurugika akili kwa vishindo vya mizinga, na vijana ambao umri wao haukutimia. Mwaka 2001 ukazinduliwa ukumbusho wao huko Staffordshire, wenye nguzo 306 za mti, na mwaka 2006 Bunge la Uingereza likawasamehe. Wazazi wao hawakuwapo tena kulisikia tangazo.

Nasi tunafanya hivyo, bila bunduki. Mama ameachwa na mumewe pamoja na watoto wanne; jumuiya inanong'ona kwamba lazima alikuwa na ulimi mkali. Mzee anakaa peke yake, watoto wako mjini na hawapigi simu. Twasema alikuwa mkatili enzi zake. Tunamwona aliyetelekezwa, na kabla ya kumpelekea hata unga kilo moja, tumekwisha kumhukumu kwamba amestahili. Yatupasa tuseme wazi kwamba hilo ni baya kuliko kukosea mkazo mbele ya kipaza sauti.

Turudi kwa Paulo, katika sura ile ile inayowashinda wasomaji wetu. Dema amemwacha na kwenda Thesalonike. Katika utetezi wake wa kwanza hakuna aliyesimama upande wake. Ana haki zote za kudai watoro hao wapate wanachostahili, naye katika mstari huo huo wa 16 anaomba jambo hilo lisihesabiwe juu yao. Kisha kuna lile alilomwagiza Timotheo katika sura hiyo hiyo, ambalo kwa kawaida tunalipita haraka: aje kabla ya majira ya baridi, na njiani amchukulie joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi.